Kumlisha Ephraïm

Bwera, 24 Machi, Jumanne

Kituo chetu cha watoto walemavu kimefungwa. Jolly, mkubwa wetu, alikuja na gari la ofisi kutoka Kasese, akatusimamisha uani mbali mbali kama watu waliogombana, akasema kwa sababu ya corona watoto wote warudi kwao leo leo. Sisi walezi tutawatunza kwa simu.

"Kwa simu?" nikauliza.

"Kwa simu, Musoki. Na chakula tutawapelekea kwa boda."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimembeba Ephraïm, sikucheka.

Ephraïm ana miaka sita. Ana mtindio wa ubongo: hakai mwenyewe, shingo haibebi kichwa, hasemi. Mama yake, Laurentine, anauza vitenge. Siku za soko alikuwa anavuka daraja la Mpondwe asubuhi, anamwacha kwetu, jioni anamchukua anarudi naye Kongo. Safari hii alituachia mtoto kwa wiki moja, anyooshwe miguu. Mpaka umefungwa, mama yuko Kasindi upande wa Kongo, mtoto yuko huku.

Wazazi wengine walikuja. Yeye hakuwa na wa kuja. Jolly akatutazama mmoja mmoja, nami nikasema nitaenda naye. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema kama mtu anavyokubali kikombe cha chai.

25 Machi

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe wangu, Yunia, anasoma Lhukonzo tu, na chumba chake na changu vinatenganishwa na pazia.

Alimwona Ephraïm mgongoni kwangu na mwanangu Resty kifuani, akaweka jembe chini.

"Mama Resty, huyo ni nani?"

"Ni mtoto wa kituo, mama."

"Wa Kongo?"

"Wa Kongo."

"Ebola tumeimaliza juzi tu. Sasa umekwenda kuileta mwenyewe, umeifunga na kitenge."

Nikamwambia haumwi, mwili wake ndio uko hivyo. Akasema mwili wowote unaumwa. Halafu akatupikia obundu, ule ugali wa muhogo, na majani yake, sahani yangu akaiweka mlangoni, akaisukuma na mguu.

28 Machi

Jolly alipiga simu kwa walezi wote. Masharti: sabuni kila mara, barakoa hata ya kitambaa. Na wakati wa kulisha, mlezi akae nyuma ya mtoto. Mtoto atazame mbele, wewe utazame kisogo chake, pumzi zisikutane.

Nilijaribu mchana. Nilijiona kama namlisha mtu aliyenikosea. Mtoto hajamwona mama yake wiki nzima, nami nimnyime hata uso? Nikamgeuza, nikamlaza mkono wa kushoto kama ninavyomlaza Resty, tukatazamana, akala. Kwa Jolly nilisema ndiyo.

31 Machi, Jumanne

Soko limefungwa lakini watu bado wanaenda mtoni. Lubiriha, unaotutenga na Kongo, si mto mkubwa. Mtu akisimama ng'ambo unaona kama ana ndevu. Watu wanauziana kwa kelele, mali inavuka kichwani kwa vijana wakati wanajeshi wako upande wa juu.

Laurentine alikuwepo. Si Mnande wa kuelewa Lhukonzo, alizaliwa Kisangani akaolewa Beni, kwa hiyo tunaongea Kiswahili cha sokoni. Alivaa kitenge kipya kabisa, na kingine kipya kichwani. Nikasema moyoni, huyu analala usingizi.

Nilikuwa nimebeba uji. Nikakaa kwenye jiwe, nikamlaza Ephraïm mkononi, nikamlisha hapo hapo ili mama aone. Laurentine akainua mikono yote miwili juu, akakaa nayo hivyo, kisha akaiweka kichwani.

"Merci, mama!" akaita. "Merci mingi!"

Nikarudi nyumbani nimeshiba sifa.

3 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Boda wa ofisi ameleta unga wa posho, maharagwe, sabuni. Haruhusiwi kubeba watu wala kuingia ndani. Anaweka getini, anapiga honi, anasogea nyuma, ananitazama nichukue. Namjua, tulisoma naye. Hatukusalimiana.

9 Aprili

Benon, mume wangu, amepiga simu kutoka Katwe. Mvua imejaa kwenye shamba lake la chumvi, chumvi yote imerudi kuwa maji. Gari la kumrudisha hakuna.

"Kaa huko," nikamwambia. "Hata hapa hakuna nafasi."

Akacheka. Sikuwa nimetania.

14 Aprili, Jumanne

Mtoni. Laurentine ameuza simu yake. Ana kitenge kipya kingine. Nilimuuliza kwa kelele anakula nini, akaonyesha tumbo, akacheka, akauliza mutoto iko namna gani. Nikasema mzima.

15 Aprili

Mvua. Nepi hazikauki.

18 Aprili

Ephraïm anakohoa akila. Kijiko cha tatu, cha nne, anakohoa, macho yanajaa maji. Nampiga mgongoni, inapita. Resty anaota meno na hataki mtu mwingine mapajani kwangu. Nimekaa na mmoja kila paja. Mikono yangu siisikii vizuri, lakini inafanya kazi.

25 Aprili

Ofisi imenunua nusu saa redioni kila Jumamosi, wanafundisha wazazi mazoezi. Nilimlaza Ephraïm kwenye mkeka, nikafuata sauti. "Mkunje goti taratibu. Sasa nyoosha. Usimlazimishe." Nikasikia mtu anagugumia nyuma ya pazia. Nikachungulia. Yunia alikuwa amelala chali, anakunja goti lake lile bovu.

"Usinitazame," akasema. "Redio ni ya wote."

28 Aprili, Jumanne

Sikwenda mtoni. Mvua kubwa, na Ephraïm ana joto.

30 Aprili

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Joto lilipanda tangu jana. Alikuwa anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia ndani, na kila nikimpa uji anakohoa mpaka anakuwa na rangi ya jivu. Nikampigia Jolly.

"Homa na kikohozi?"

"Ndiyo."

"Musoki, sheria unaijua."

"Ni mtoto hakai, dada Jolly. Wakimchukua, nani atamlisha?"

"Kama ni corona, na una mtoto mchanga ndani? Piga ile namba ya dharura. Usipoipiga wewe nitaipiga mimi, na nitalia baada ya kuipiga."

Nikaipiga.

Walikuja na zile nguo nyeupe. Njia nzima ilifunga milango. Hapa watu wanazijua nguo hizo tangu Ebola, hakuna wa kuelezwa. Mmoja akanyoosha mikono kumchukua. Nikauliza naweza kwenda naye. Akaniuliza Resty ananyonya? Nikasema ana miezi minane. Akasema basi hapana, mama, kwenye hema la wagonjwa wa corona haingii anayenyonyesha.

Nilimpa blanketi na kikombe chake. Nilimwambia ashike kichwa. Akasema, "Nimeshika." Alikuwa ameshika mgongo tu. Nikapaza sauti mpaka nikajishangaa: "Kichwa! Kichwa, baba, kwanza kichwa!" Akashika kichwa.

Yunia alitoka baada ya gari kuondoka. Akamwaga maji ya sabuni pale mlangoni. Halafu akachukua Resty kutoka kwangu, bila kunawa, akaingia naye kwake.

Sikulia. Nilikunja mkeka.

2 Mei

Muuguzi wa kwenye hema anaitwa Nobert. Ana sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Anasema vipimo vimepelekwa, tungoje. Dawa anapewa kwa sindano. Chakula hakiendi.

"Unamlishaje?" nikauliza.

"Kama mtoto yeyote. Namlaza mkononi."

"Hata mimi hivyo hivyo."

"Basi anakabwa. Tukimpa kijiko anakabwa. Mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia yuko ng'ambo. Akasema mpaka lini? Nikasema hata mwenye ufunguo sidhani anajua.

3 Mei

Hajala.

4 Mei

Hajala. Wanampa maji ya mshipa. Nobert anasema mshipa wenyewe ni shida kuupata. Mvua.

5 Mei, Jumanne

Nilikwenda mtoni peke yangu. Resty nilimwacha kwa Yunia.

Lubiriha umejaa, umekuwa wa udongo, unapiga kelele. Laurentine alikuwa ameshafika. Aliponiona alianza kupunga mkono, halafu akauona mgongo wangu, akaona kifua changu, akaona sina kitu. Akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kwenye matope, na kitenge chake kipya, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto.

"Mzima!" nikapiga kelele. "Laurentine! Mzima! Yuko hospitali!"

Hakusikia. Mzee mmoja anayeuza mkaa upande wetu alikuwa na sauti nzito, akanisaidia: "Iko muzima! Kwa munganga!"

Akainuka nusu. "Iko na nini?"

"Hali chakula! Anakabwa! Hawezi kumeza!"

Hapo akasimama kabisa. Akauliza kitu sikukisikia. Akauliza tena, polepole, neno moja moja: "Unamulisha namna gani?"

Nikaonyesha. Niliweka mkono wa kushoto kama kitanda, nikaweka kijiko cha hewa. Watu wa pande zote mbili walikuwa wananitazama.

Akatingisha kichwa kwa nguvu. Akafungua lile furushi lake, akatoa kitenge, akakikunja kinene, kirefu kama mtoto. Sasa ndipo niliona vitenge vyote ni vya biashara, bado vina karatasi ya bei. Ndivyo alivyobaki navyo, ndivyo anavyovaa, ndivyo anavyojifunika. Akakaa chini tena, akapanua miguu, akakiweka kile kitenge katikati, mgongo wa kitenge kwenye kifua chake, vyote viwili vikitazama mto. Akaweka kiganja chini ya kidevu, pale ambapo pangekuwa na kidevu, akakiinamisha kidogo mbele.

"Kidevu chini!" akaita. "Hapana juu! Juu inaenda kwa mapafu!"

Akaleta kijiko kutoka upande, chini, si juu. Kisha akangoja. Aliinamisha shavu lake kwenye kichwa cha kitenge, akangoja muda mrefu. Mwanamke mmoja upande wake alicheka, akaacha.

"Unangoja! Akishameza njo unaongeza!"

Nyuma ya mtoto. Vile vile Jolly alivyosema, nami nikaona ni ukatili.

Kitu kilinipanda, nadhani ni hasira, ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia wiki nzima. "Kwa nini hukuniambia?" nikapiga kelele. "Siku ya kwanza nilimlisha hapa! Uliniona!"

"Nilikuona!"

"Sasa?"

Mto ulipitisha mgomba mzima na mizizi yake.

"Mutoto iko kwako, mama!" akasema. "Nikugombeze, ukasirike, umuache. Mie niko na nani ingine uko kwenu?"

Mzee wa mkaa akasema, "Kweli huyo."

Ningekasirika. Najijua. Nilikuwa nimekuja na uji wangu kupigiwa makofi. Nilisimama pale, maji yananipiga vidole.

"Ningekasirika!" nikasema. "Lakini nisingemwacha!"

"Ningejua namna gani?"

"Kuanzia leo unanigombeza! Unasikia? Kila Jumanne!"

"Eeh?"

"Nigombeze!"

Akafuta uso na kile kitenge. "Basi ile barakoa yako iko kwa kidevu! Panda nayo kwa pua! Weye ni mulezi ya aina gani?"

Pande zote mbili walicheka. Niliipandisha. Kisha mwanajeshi akatokea upande wa juu, "Toka! Toka hapo!", tukatawanyika kama kuku.

Jioni

Nilimpigia Nobert nikiwa njiani. Nikamwambia kila kitu, mgongo kwenye kifua, kidevu chini, kijiko kutoka chini, ngoja. Akasema amevaa mavazi ya plastiki, atakaaje chini na mtoto katikati ya miguu? Nikasema kaa tu. Akaweka simu kwenye kitanda, sauti juu. Nilisikia plastiki ikikwaruza. Nilisikia kijiko. Nikasema ngoja. Akasema nangoja. Nikasema usiongeze. Akasema mama, siongezi.

Kisha akasema, "Imeshuka."

Vijiko vinne. Cha tano alikataa, tukamwacha.

6 Mei

Nusu kikombe.

7 Mei

Kikombe. Nobert anasema sasa kila muuguzi anataka kujaribu.

9 Mei

Majibu: si corona. Ni mapafu, chakula kiliingia. Nobert alisema taratibu, kama anayeweka kitu dhaifu mezani. Nikamwambia najua ni nani aliyekiingiza.

Nilimpigia Jolly, nikamwambia sikufuata lile sharti la kulisha.

"Mimi niliambiwa ni kwa ajili ya pumzi," akasema. "Mambo ya kumeza hakuna aliyesema. Ningejua ningekuambia sababu yenyewe. Ningekuja hapo kwako kukuonyesha, hata kwa miguu."

Mwezi mzima nilimwona Jolly ni mtu wa karatasi. Leo nilimsikia anapenga kamasi.

11 Mei

Mto Nyamwamba umefurika Kasese. Jolly anasema maji yamebeba nyumba za watu, na ofisi ina matope mpaka magotini. Kikao cha simu hakuna wiki hii. Boda amekuja hata hivyo, mzigo umelowa. Leo nilimsalimia.

15 Mei

Amerudi. Mwepesi. Yunia alimpokea getini kabla yangu, akashika kichwa kwanza.

16 Mei

Namlisha kutoka nyuma. Uso simwoni. Naona kisogo, naona masikio. Akimeza, masikio yanasogea kidogo. Nimejifunza kungoja masikio.

19 Mei, Jumanne

Mtoni. Nilimlisha mbele ya mama yake. Akanigombeza mara mbili: kijiko kimejaa mno, na mguu wa mtoto umekunjwa vibaya. Nikarekebisha. Hakusema merci.

22 Mei

Mvua kidogo.

26 Mei, Jumanne

Mtoni wanajeshi wengi, hatukukaribia. Tuliinuliana mikono kutoka mbali.

Jolly ameandika kwa wakubwa wa mpaka tangu mwezi wa nne kuhusu watoto waliokwama. Leo wamemjibu. Siku itatangazwa.

Yunia ameuliza kama nitamkosa. Nikasema nimechoka, mama. Akasema hilo hakuuliza.

3 Juni

Jua siku nzima. Nimefua kila kitu.

9 Juni, Jumanne

Saa nne asubuhi tulikuwa darajani, mimi na Jolly na Ephraïm. Katikati ya daraja walikuwa wameweka kiti cha plastiki cheupe. Afande akatueleza utaratibu: mlezi anaweka mtoto kwenye kiti, anarudi hatua nyingi nyuma, kisha mama anakuja kutoka upande wake kuchukua. Watu wa huku na watu wa kule wasigusane.

"Afande," nikasema, "hakai."

"Kiti kipo."

"Nakiona. Yeye ndiye hakai. Shingo haina nguvu. Nikimwacha anaanguka."

"Weka, rudi nyuma. Amri."

"Afande, naomba basi umshike wewe."

Alirudi nyuma yeye. Jolly akaanza kusema kwa Kiingereza, karatasi mkononi, nikamgusa kiwiko anyamaze. Sikupaza sauti. Nilisema nitasimama hapa nimembeba mpaka jua lizame, na kesho pia nitakuja, lakini kwenye kiti hicho simweki. Mikono yangu haichoki siku hizi, imekwisha kuchoka zamani.

Afande akatazama mto. Akatazama upande wa Kongo, mwenzake wa kule akainua mabega.

"Haraka," akasema, na akatugeuzia mgongo.

Laurentine alitembea mpaka kwenye kiti, akakipita. Kwa karibu ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Ana kovu juu ya jicho, kutoka ng'ambo halionekani. Hakunisalimia, hakunitazama hata, alikuwa anamtazama Ephraïm, naye Ephraïm akatoa ile sauti yake ndefu ya koo ambayo kwangu hajawahi kuitoa.

Akapitisha mikono chini ya mikono yangu.

"Kichwa," nikasema.

"Niko nayo."

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika. Achia."

"Mguu wa kushoto bado ni—"

"Niko najua mutoto yangu, mama. Achia."

Nikaachia.

Alimgeuza pale pale, mgongo kwenye kifua chake, akitazama mbele, akitutazama sisi. Hivyo nikauona uso wa mtoto. Laurentine alirudi kinyumenyume mpaka upande wao, ili tumwone mtoto mpaka mwisho, au ili asitugeuzie mgongo, sijui.

10 Juni

Nililala mchana. Resty pia.

12 Juni

Jolly amepiga simu. Kuna msichana Kasenyi, miaka minne, Shamira, mwili kama wa Ephraïm. Bibi anayemlea ameumia mguu, hawezi kumbeba tena, na kituo hakijulikani kitafunguliwa lini. Kama niko tayari.

Resty alikuwa ananing'inia kwenye sketi. Nyuma ya pazia Yunia aliacha kuchambua maharagwe, anasikiliza.

"Nani anamlisha sasa?" nikauliza.

"Bibi yake."

"Bibi ana simu?"

"Anayo. Lakini, Musoki, bibi mwenyewe ni mkali. Amegombana na kila mlezi tuliyempelekea. Wewe mchukue tu mtoto, bibi niachie mimi."

"Nipe namba yake," nikasema. "Nimpigie kabla mtoto hajaja."